Taabu ya Kuazima

Mali hurithiwa, deni hurithiwa, na hata pua ya babu hurithiwa. Je, taabu nayo huweza kurithiwa? Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwa muda mrefu nilidhani kuwa msemo huo ulilimaliza swali. Lakini wako watu katika nchi ya Marekani ambao hawakukubali limalizike. Hao ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, waitwao kwa kawaida Wamormoni, nao hulijibu swali hili kwa mkokoteni.

Usidhani, ewe msomaji, kuwa nafanya mzaha. Wakati wa kiangazi, hasa katika majimbo ya Utah na Wyoming, vijana wa miaka 14 hadi 18 hukusanywa kwa makumi na kwa mamia, wakapokonywa simu zao, wakavikwa nguo za karne ya kumi na tisa. Wasichana huburura magauni marefu, na wavulana huvaa kofia pana za jua. Hugawanywa katika jamaa za kubuni, na kila jamaa hupewa “baba” na “mama” waliochaguliwa na kanisa. Nyingine hupewa hata mtoto mchanga, naye ni mfuko wa unga uliovikwa nguo. Kisha huonyeshwa mkokoteni wa magurudumu mawili, ndugu wa ile ichukuayo magunia katika masoko yetu, wakaambiwa wauvute siku tatu hivi juani. Nyuma yao, mbali kidogo ili isiharibu historia, hufuata gari ya maji, na mganga, na vyoo vya kuchukulika.

Iko saa moja ambayo wavulana huondolewa, na wasichana huachwa kuupandisha mkokoteni mlimani peke yao. Wavulana husimama kando, kofia mkononi, wamekatazwa kusaidia. Aghalabu huelezwa kuwa wanaume wamekwenda kujiunga na kikosi cha vita vya Meksiko. Kikosi hicho kiliandikwa mwaka 1846, na mikokoteni ya kwanza ilianza safari mwaka 1856, vita vimekwisha miaka minane. Lakini ni nani awezaye kusahihisha tarehe huku anapanda mlima?

Nilicheka sana niliposoma habari hizi. Kisha nikasoma habari za mababu wenyewe, na kicheko kikanikauka.

Walikuwa maskini, wengi wao kutoka Uingereza na Skandinavia, wasioweza kununua magari ya ng’ombe. Kati ya mwaka 1856 na 1860, watu karibu 3,000 walivuta mikokoteni kwenda bonde la Salt Lake. Waliotoka Iowa City walikuwa na njia ya maili 1,300 hivi. Vikundi vingi vilifika salama. Lakini viwili vya mwaka 1856, cha James Willie na cha Edward Martin, vilichelewa. Mikokoteni iliyoundwa kwa mbao mbichi ilivunjika njiani, na chakula kikapungua. Katikati ya Oktoba watu wa Martin walitupa nguo na mablanketi ili kupunguza mzigo. Siku chache baadaye theluji ikaanguka. Brigham Young, kiongozi wao, alikuwa amekwisha kutuma magari ya kuwaokoa, lakini yalipowafikia wengi walikuwa wamekufa. Katika vikundi hivyo viwili walikufa zaidi ya 200.

Basi je, kijana aliyetoka lengelenge kisigino ameonja taabu hiyo? Ameonja jua, na hilo si neno dogo. Aliyeona kiu mchana mmoja humsikiliza mwenye kiu vizuri zaidi. Lakini uzito wa mkokoteni haukuwa ndio taabu yenyewe. Taabu ilikuwa kutoweza kurudi nyumbani, na kabla ya hapo ilikuwapo taabu nyingine, ya kuamua.

Mwezi wa Agosti kundi la Willie lilipumzika Florence, Nebraska, likafanya shauri: twende, au tungoje masika? Levi Savage, aliyeijua njia hiyo, aliwaonya kuwa wakienda wakati huo, wazee na watoto watakufa. Wengi walichagua kwenda. Savage hakubaki nyuma kungoja kuthibitishwa. Alikwenda nao, akafanya kazi nao, akateseka nao. Je, alifanya vema kuwafuata watu katika kosa aliloliona kwa macho? Nimeligeuza swali hili mara nyingi, na kila nikidhani nimelipatia jibu, nawakumbuka watoto waliokuwamo katika kundi lile.

Katika igizo, kura imekwisha kupigwa kabla kijana hajavaa kofia yake. Kama ningealikwa kuwa “baba” wa jamaa moja, ningeomba mkokoteni usimame kwanza. Ningewaketisha vijana majanini, niwaambie: leo ni katikati ya Agosti, zimebaki maili 1,000, na mmoja wetu asema tusiende. Kisha ningewaachia wabishane hata jua liwe kali, na ule mfuko wa unga ukiwa katikati yao.