Mgonjwa wa Akili Si Mali ya Shetani

Wapenzi wakatekumeni, siku ya ubatizo wenu padre atawauliza mbele ya watu wote kama mnamkataa Shetani pamoja na kazi zake, nanyi mtajibu kwamba mnamkataa. Lakini mtu akataaye kitu yampasa akijue kwanza. Wako wadhanio kwamba kila asemaye peke yake njiani, kila aangukaye na kutoa povu, kila akaaye kimya siku nyingi bila kula, huyo ameshikwa na Shetani au amerogwa na jirani. Kwa ajili ya dhana hiyo, katika vijiji vyetu vya Kabambare na Kasongo wako wagonjwa wanaoteswa na jamaa zao wenyewe, tena jamaa hao waona wanafanya vema.

Akili ya mtu yatumia ubongo, na ubongo ni sehemu ya mwili kama moyo na ini. Mpiga ngoma akiwa fundi namna gani, ngozi ya ngoma ikipasuka sauti itaharibika. Vivyo hivyo roho ya mgonjwa ni nzima mbele ya Mungu, lakini chombo chake kimeugua.

Magonjwa hayo si ya namna moja. Yuko asikiaye sauti zinazomtukana, wala hakuna mtu asemaye. Hawaamini tena hata mama yake na mkewe. Yuko mwenye huzuni nzito: shamba lake lamea majani, hali, halali, nasi twamwita mvivu. Yuko mwenye kifafa, na hicho si kichaa hata kidogo, wala povu lake haliambukizi mtu. Hata hivyo watoto wameungua motoni kwa sababu waliosimama karibu waliogopa kuwagusa. Na mtu aanzaye ghafula kuweweseka akiwa na homa kali, huenda ana malaria iliyopanda kichwani. Huyo msimpeleke kwa mfumu wala msingoje kesho. Mbebeni upesi mpaka kituo cha afya, kwa maana malaria hiyo yaweza kumwua kwa siku moja au mbili.

Nataka kukaa kidogo juu ya namna nyingine, maana yatuhusu sana sisi wa Salamabila. Dhahabu ya Namoya imetuletea watu wengi na bunduki nyingi. Watu wamekimbilia porini usiku, wameona nyumba zikiwaka, na wanawake wamenajisiwa. Mwaka 2019 madaktari wa Médecins Sans Frontières walikuwa hapa Salamabila wakiwatibu watu wa namna hiyo. Sasa tazameni mtu aliyepita katika mambo hayo. Mlango ukigongwa, moyo wake waruka. Usiku aona tena yale yale katika ndoto. Mchana aikwepa njia ya shamba, na watu wa nyumbani wakosa chakula. Awapiga watoto bila sababu, kisha alia. Jioni atafuta lutuku ili asahau, na kesho yake hali ni mbaya zaidi. Mume amwambia mkewe, «Umebadilika,» akamrudisha kwao. Je, mwanamke huyo ana pepo? Hapana. Ana jeraha, ila jeraha lake halionekani kwa macho.

Mtaniuliza: mbona katika Injili Bwana wetu Yezu Kristu alifukuza pepo? Ndiyo, aliwafukuza, nasi twasadiki. Lakini mwinjili Mateo, alipohesabu wagonjwa walioletwa kwa Yezu, aliwataja wenye pepo mbali na wenye kifafa na wenye kupooza. Tena katika Injili ya Marko, baba mmoja alipomleta mwanawe aliyekuwa akianguka motoni na majini, Yezu alimwuliza kwanza hali hiyo ilianza lini. Ndilo swali la daktari. Hakumpiga mtoto, hakumnyima chakula, hakuuliza ni nani aliyemroga.

Eklezia nayo ina tahadhari. Tangu mwaka 1614 kitabu cha ibada kiliwaonya mapadre wasisadiki kwa wepesi kwamba mtu ana pepo, na Katekisimu ya mwaka 1992 yasema kwamba kutibu magonjwa ya akili ni kazi ya madaktari. Padre mwenyewe hana ruhusa ya kumfukuza pepo ndani ya mtu mpaka askofu amruhusu. Basi wale wanaomfunga mgonjwa minyororo katika chumba cha sala na kumfungisha kwa nguvu siku saba bila chakula, wamepata wapi ruhusa hiyo? Na amwitaye mtoto mchawi avunja hata sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inayowalinda watoto.

Mabruda wa Karita, walioanzishwa na padre Triest mwaka 1807, waliwafungua vichaa minyororo huko Ghent, Ubelgiji. Leo mabruda hao hao wana hospitali ya wagonjwa wa akili huko Bukavu, iitwayo SOSAME, iliyoanzishwa mwaka 1994. Na katika Côte d'Ivoire, Grégoire Ahongbonon, mkristu wa kawaida aliyekuwa fundi wa matairi, amewafungua wagonjwa wengi waliofungwa kwenye miti na magogo.

Bukavu ni mbali, najua, na fedha ni haba. Anzeni basi na mwuguzi wa kituo chenu. Akitoa vidonge, mgonjwa asiviache siku aonapo nafuu, kwa maana wengi huanguka tena hapo. Nabii Elia alipoomba kufa, malaika alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha ndipo Mungu alipomtuma kazi. Mtu akisema amechoka kuishi, ondoeni kamba na sumu, mmoja wenu alale karibu naye, na mwulizeni waziwazi kama ataka kujiua; swali hilo halimtii wazo hilo moyoni. Na aliyekwisha kujiua katika ugonjwa kama huo msimhukumu, mwombeeni.

Je, ndugu mwenye kichaa aweza kubatizwa? Aweza. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 yamhesabu asiye na akili zake kuwa kama mtoto mchanga katika jambo la ubatizo. Na yule ambaye akili yamrudia kwa vipindi, aulizwe mwenyewe katika vipindi hivyo kama anataka, afundishwe polepole, aketi nanyi katika benchi moja. Mpeni katekista jina lake Jumapili hii.