Dhahiri na Nia
Kabla ya mwaka 1962, ilipoanza kutumika sheria iliyofuta ubaguzi wa rangi katika elimu ya Tanganyika, mtoto wa Temeke au Kinondoni, hata angejaaliwa akili ya kupigiwa mfano, alikuwa na skuli yake, Mhindi yake na Mzungu yake. Huko Little Rock, Marekani, inadi ya kupinga hukumu ya mahakama dhidi ya ubaguzi kama huo ililazimu askari kuwasindikiza wanafunzi tisa Weusi hadi skuli mwaka 1957. Kwetu, baada ya sheria kuanza kutumika, taasubi ilijificha, kwa adabu kubwa, nakiri, nyuma ya ada na Kiingereza. Ikiwa kadhi huhukumu dhahiri, na siri ya nia ni ya Mwenyezi Mungu, aliyefungua mlango huku akipandisha ada ametii au ameasi? Naona ameasi, na mtoto wa Temeke, aliyesimama nje ya lango, hakuhitaji fatwa kulijua hilo.