Je, Atoaye Bure Ana Deni?

Liko swali ambalo watu wamelijadili tangu zamani, nalo ni hili: mtu akitoa kitu bure, je, aweza kudaiwa neno lo lote juu ya kitu hicho? Wengi hujibu, La, maana mpokeaji hakulipa. Asipopendezwa nacho, na akiache. Sisi twaona ya kuwa jawabu hilo ni fupi mno, nasi twapenda kulipima kwa jambo moja la siku hizi, yaani kompyuta zitumiwazo na vipofu.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ndiyo programu kuu izitawalayo nyingine zote. Mifumo mingine huuzwa. Mingine hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, ili mtu ye yote aisome, aigeuze, na kumpa jirani yake. Kazi hiyo Richard Stallman aliitangaza huko Marekani mwaka 1983, akaiita GNU. Na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki katika nchi ya Finland, akatoa kiini kiitwacho Linux. Hizo ndizo programu huria. Na uhuru wa kwanza utangazwao na wenye kazi hiyo ni kwamba kila mtu aweza kuitumia programu kwa shughuli yo yote apendayo.

Basi, kipofu asomaje kompyuta? Hutumia kisoma-skrini, yaani programu itamkayo maneno kwa sauti, au iinuayo nukta za Braille chini ya vidole vyake kwa chombo maalumu. Lakini kisoma-skrini nacho hakina macho. Hukiuliza kivinjari, ile programu ifunguayo kurasa za intaneti: Hapa pana nini? Kivinjari chapaswa kujibu: Hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kiungo, hiki ni kitufe, na jina lake ni Tuma. Jawabu hilo hupita katika njia iliyowekwa na mfumo endeshi. Ikiwa mwandishi wa ukurasa hakukipa kitufe jina, kipofu husikia tu, kitufe, kitufe, kitufe. Ikiwa kivinjari hakijibu, au njia imekatika, hasikii neno.

Mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni dogo. Siku hizi maombi ya kazi, matokeo ya mitihani na hesabu za benki hupitia kurasa hizo. Asiyeweza kuzisoma mwenyewe hana budi kumfunulia mwingine siri zake, hata nambari ya siri ya fedha zake, kisha aamini yale atakayoambiwa. Visoma-skrini vingi viuzwavyo vina bei iwashindayo maskini. Ni kweli, Michael Curran, kipofu wa Australia, alianza mwaka 2006 kutengeneza kisoma-skrini cha bure kiitwacho NVDA. Lakini hicho hukaa juu ya Windows, mfumo uuzwao.

Wala vipofu hawakukaa kungoja kuhurumiwa. T. V. Raman, mzaliwa wa India aliyepoteza macho yake angali kijana, alitoa Emacspeak mwaka 1995, programu ya kuisemesha kompyuta. Baadaye wahandisi wa kampuni ya Sun walianza Orca, kisoma-skrini kilichotiwa katika mazingira ya GNOME mwaka 2006. Na kivinjari Firefox toleo la 3, la mwaka 2008, kikajifunza kukijibu vema. Iko na sauti ya bure, eSpeak, isomayo lugha nyingi, hata Kiswahili chetu. Lakini mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, nao waliolipwa kwa kazi ya Orca wakapunguzwa. Ndipo Joanmarie Diggs, aliyekuwa akisaidia kwa kujitolea, akaushika uongozi wa kazi hiyo, isife.

Sasa na turudi kwenye swali letu. Huenda mtu atasema: Ajitoleaye si mtumwa, hakuajiriwa na kipofu, naye aweza kuacha kazi leo. Neno hili lina haki ndani yake. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa sababu hakutoa zaidi ya uwezo wake. Lakini mwenye kutangaza ya kuwa kazi yake ni kwa watu wote ameongeza neno juu ya zawadi, na neno hilo ni ahadi. Na wazee wetu wamesema, Ahadi ni deni. Kipofu hadai zawadi, bali adai maana ya neno lile, wote.

Mwingine atasema: Maandishi ya ndani ni wazi, kipofu na atengeneze mwenyewe. Lakini kuruhusiwa si kuweza. Asiyefahamu kazi ya programu ruhusa hiyo haimfai kitu, na ajuaye kazi hiyo ni lazima kwanza aisome kompyuta ndipo aitengeneze. Mwambie mtu ya kuwa ufunguo wa mlango uko ndani ya nyumba, naye yu nje!

Tena lipo jambo zito zaidi, nalo ni kuharibu kilichokuwa chafaa. Katika miaka hii Linux imeacha polepole njia ya zamani ya kuonyesha mambo katika skrini, ikafuata mpya iitwayo Wayland, ambayo huzuia programu moja isipeleleze vitufe vibonyezwavyo katika nyingine. Kusudi lake ni jema, yaani kuwazuia wezi. Lakini Orca nayo huongozwa kwa vitufe hivyo. Mlango uliofungwa kwa ajili ya mwizi ukamfungia nje na kiongozi wa kipofu. Mwaka 2025 tu, katika toleo la 48, GNOME ilimfungulia kiongozi huyo njia yake rasmi. Twasema ya kuwa hapa deni ni dhahiri: abomoaye daraja ili ajenge jingine sharti awaulize kwanza wavukao juu yake.

Je, deni hili ni la nani? Si la mtu mmoja aketiye usiku akitengeneza programu bila mshahara. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2023 mfuko wa serikali ya Ujerumani uliipa GNOME Euro milioni 1, na sehemu ikatumika kwa kazi ya vipofu. Hivi ndivyo ipasavyo: wote wanaofaidiwa na cha bure washiriki kulipa, serikali kwa fedha, mafundi kwa akili zao, nasi tuandikao kwa uangalifu. Maana wako kati yenu, ndugu, watengenezao kurasa za shule, za vyama na za sharika. Kila picha ipeni maneno yake. Kila kitufe jina lake. Kisha wekeni kipanya kando, mkaupitie ukurasa wenu kwa kibodi peke yake tangu mwanzo hata mwisho. Na mahali mtakapokwama, jueni ya kuwa hapo pana mtu amekwama kabla yenu.