Kati ya Ziwa na Samaki

Soko la samaki la Bagamoyo, pale ufukweni chini ya Mji Mkongwe, lina paka wengi wasio na mwenyewe. Wanalala chini ya meza, wanafuata ndoo, wanajua kuliko mgeni yeyote ni saa ngapi ngalawa zinaingia. Wapo waliozaliwa palepale, na wapo walioletwa. Waliletwa ndani ya boksi au kiroba, alfajiri, na mtu ambaye paka wake alizaa nyumbani. Akaona watoto wamefumbua macho na kuanza kutambaa hadi jikoni, akasema sasa basi. Mtu huyo hajioni kuwa ametenda ubaya. Muulize, atakwambia amewapeleka penye riziki. Utumbo wa samaki umejaa, matamvua yanatupwa, wapaa samaki hawaishi kazi: paka gani atakufa njaa mahali pale?

Atakufa mtoto wa paka wa wiki nne. Atakufa njaa huku amezungukwa na samaki.

Paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele huanza kuchomoza karibu na wiki ya tatu, na yale ya kukatia nyama huja baadaye. Wiki ya nne anaweza kulamba kitu laini, na kwa kawaida kulikizwa hukamilika karibu na wiki ya nane. Katikati ya wiki hizo bado ana tumbo la maziwa. Kichwa cha kibua kwake ni mfupa tu. Utumbo uliolala juani humharisha, na kiumbe mdogo kiasi kile akiharisha siku nzima huenda asiione siku ya pili. Hata joto la mwili wake bado hajaweza kulihifadhi vizuri, na kusi linapovuma usiku pale ufukweni hakuna pa kujificha.

Lakini upungufu wa meno ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni kwamba hajaonyeshwa bado kuwa samaki ni chakula.

Aliye na paka aliyezalia stoo au chini ya kitanda amtazame kwa makini kuanzia wiki hiyo ya nne. Mwanzoni mama hulala ubavu na kuwaita watoto waje kunyonya. Kisha inafika siku analala kifudifudi, chuchu zote ziko chini ya tumbo, na watoto wanasukumana ubavuni pake wasipate kitu. Au anapanda juu ya kabati wasikofika. Wanalia, na anawasikia. Lakini huyohuyo anayewanyima ndiye anayeingia mlangoni na panya mdomoni, aliyekwisha kufa, huku akitoa sauti ya kuwaita. Anamweka chini, anamla mbele yao. Siku zinazofuata anawaachia wamle wao. Baadaye analeta panya aliye nusu hai, anamwachilia katikati ya watoto, na panya akichomoka yeye ndiye anayemrudisha. Hayo yote yanafanyika katika siku zilezile anazowafungia ziwa. Anachopunguza kifuani anakiongeza kwa mdomo.

Mwaka 1930 mtafiti kutoka China, Zing-Yang Kuo, alichapisha matokeo ya kulea watoto wa paka kwa njia tofauti. Waliokua na mama aliyeua panya mbele ya macho yao, karibu wote waligeuka wauaji wa panya. Waliolelewa peke yao, walioweza ni chini ya nusu. Mwaka 1978 Wanda Wyrwicka alionyesha jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Paka wenye watoto walizoezwa kula ndizi na viazi vilivyopondwa, vyakula ambavyo paka hana haja navyo, na watoto waliokuwa katika umri wa kulikizwa wakala ndizi na viazi pamoja na mama zao. Mtoto wa paka anauamini mdomo wa mama yake kuliko ulimi wake mwenyewe. Ukimtenga na mama wakati huo, umemwondolea maziwa, na pamoja nayo umemwondolea yule ambaye kwa kumtazama angejua duniani kuna nini cha kuliwa.

Watu wa Bagamoyo wanaijua vizuri hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Darasani mara nyingi tunaisimulia kama hadithi ya kufungia: alimfungia paka mpaka akafa. Ukiisikiliza vizuri ina pande mbili. Hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajilie wadudu wa ardhini. Kumwachilia kunakotajwa humo ni kwa paka anayeweza kujitafutia. Anayembwaga sokoni mtoto asiyeweza bado kujitafutia huenda anajiona ameepuka kosa la yule mwanamke kwa kuwa hakufunga mlango. Mimi naona upande wa kwanza umembakia wote.

Na sisi wenyewe tumelikizwa. Pwani hii mama alipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akaonja uchungu akageuza uso. Au mtoto alipelekwa kwa bibi siku kadhaa mpaka asahau. Wapo wanaoyaona hayo kuwa ukatili. Mimi siyaoni hivyo, maadamu kwa bibi kulikuwa na uji uliopoa, mgongo wa kubebwa, na mtu wa kuamka naye usiku. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara inataja miaka miwili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, kisha inaruhusu kulikiza kabla ya hapo kwa sharti la ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili. Kila ninapoisoma nastaajabia kwamba jambo la maziwa ya mtoto limewekewa mashauriano, kama yanavyowekewa mambo makubwa ya watu. Halikuachiwa hasira ya siku moja, wala uchovu wa mtu mmoja.

Ndiyo maana neno lile, kupeleka penye riziki, linanitia hofu. Barabara itokayo Bagamoyo, inayopita Kerege, Mapinga na Bunju hadi Dar es Salaam, imewabeba wasichana wadogo wanaokwenda kazi za ndani kwa neno hilohilo. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, na bado kuna wanaopelekwa kabla ya hapo. Kule mjini chakula kipo, ni kweli. Swali ni nani atakayekaa na mtoto mpaka ajue namna ya kukifikia.

Basi aliye na watoto wa paka nyumbani awape wiki zao nane. Ikifika ya nne, achemshe samaki, atoe miba yote, amponde na kumlainisha kwa maji aliyochemshiwa mpaka awe kama uji, bila chumvi, bila pilipili, na hasa bila kitunguu, ambacho ni sumu kwa paka. Kuchemsha kuna maana yake: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Sahani iwe ya chini, kidogo kidogo mara nne kwa siku, na mama awepo ale nao. Maziwa ya ng'ombe yaachwe, huwaharisha wengi. Maji safi yanatosha. Ugali si dhambi, lakini mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, nayo hupatikana katika nyama na samaki. Ikipungua, macho na moyo huharibika. Kwa hiyo dagaa wanaochanganywa na ugali wawe chakula hasa, wasiwe harufu tu.

Jirani akija kuomba mmoja wiki ya tano, aambiwe asubiri. Uchunguzi uliofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 2017 uliona kwamba paka waliotenganishwa na mama kabla ya wiki nane walielekea zaidi kuwa wakali. Mkali ndiye anayekuja kufukuzwa.

Anayesahauliwa kabisa ni mama. Anaponyonyesha huhitaji chakula maradufu na zaidi, na wengi tunampa kilekile cha siku zote, kisha tunashangaa anaiba jikoni. Watoto wakichukuliwa ghafla, ziwa hubaki limejaa na linaweza kuvimba kwa maumivu. Tena hurudi kwenye joto mapema, na baada ya siku 63 au 65 za mimba kuna boksi jingine la kupelekwa sokoni. Watoto wakishalikizwa, daktari wa mifugo aulizwe juu ya kumfunga uzazi. Mpaka siku hiyo ifike, sahani ya kwanza iwe yake.