Kuvaa Sura ya Mwingine

Liko swali ambalo wazee huliuliza kwa hasira na vijana hulijibu kwa kicheko, na kwa sababu hiyo halijapata jibu. Mtu avaapo sura isiyo yake, mwanamume akajifanya mwanamke, mweusi akajifanya mweupe, binadamu akajifanya mnyama, hutenda jambo gani? Adanganya? Ajidhalilisha? Au ajifunza?

Tulikumbushwa swali hili Mwandoya, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, siku ya mnada. Karibu na wauza mitumba kilikuwapo kibanda cha mabati ambamo vijana hulipa fedha kidogo wapate kucheza ile michezo ya televisheni waiitayo gemu. Tuliingia kukwepa jua. Kijana wa umri wa miaka kumi na mitano hivi alikuwa akicheza Tekken, gemu la ngumi na mateke lililobuniwa Japani, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1994. Mchezaji huanza kwa kuchagua mpiganaji atakayekuwa yeye. Wamo wanaume, wanawake, vikongwe, hata panda. Kijana akamchagua Nina Williams, mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu. Mzee mmoja aliyeketi mlangoni na fimbo yake ya kuchungia akamwuliza, "Mjukuu wangu, umekosa wanaume hata ukawe mwanamke?" Kijana akajibu bila kugeuza shingo, "Babu, huyu ana mateke ya haraka." Wenzake wakacheka. Mzee akatikisa kichwa, akatoka.

Tulimheshimu mzee yule, lakini hoja yake hatukuweza kuikubali. Kwa umri wake, na kwa kuwa ni Msukuma, hapana shaka amekwisha kushangilia mara nyingi mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga mahodari, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana kuvuta watu, na tangu zamani wanyama wamekuwa na nafasi yao uwanjani. Wako Banunguli, wawinda nungunungu, ambao huvaa miiba ya mnyama huyo kichwani na kuitikisa. Wako Bayeye, wachezao na chatu mabegani. Hatujasikia mzee yeyote akimwuliza mchezaji wa Bununguli kwa nini amekosa watu hata akawe nungunungu.

Lakini tusiharakishe kumpa kijana ushindi. Katika ngoma zile sura ya kuazima ilikuwa na bei yake. Mnunguli hakuokota miiba njiani. Chama chake kilikuwa cha wawindaji waliotambaa kwa tumbo ndani ya mashimo, gizani, wakijua kwamba huko mbele yuko mwenye nyumba na silaha zake. Myeye naye hakumshika nyoka kabla ya kufundishwa dawa ya sumu na kuzijua tabia za nyoka. Hivyo mtazamaji alipomwona mnyama katika mwili wa mtu, alikuwa akitazama maarifa yaliyolipiwa kwa hofu na majeraha. Kijana wa kibandani alilipa sarafu, akapata mateke ya mwanamke pasipo kupata lolote jingine la mwanamke.

Wala hatusemi kwamba ametenda dhambi. Yumo katika gemu hilohilo, tangu toleo la tatu la mwaka 1997, Mbrazili mweusi aitwaye Eddy Gordo, ambaye hupigana kwa kapoera. Mtindo huo, ambao nusu ni ngoma na nusu ni vita, ulikuzwa Brazili na Waafrika waliouzwa utumwani. Kijana wa Meatu amchaguapo Eddy hurusha mateke ya ndugu zake waliopelekwa mbali kwa minyororo, naye hana habari. Mlango uko wazi, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni mlango.

Wapo waliokwisha kuupita. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Mabepari wa Venisi, kitabu kilichotoka mwaka 1969, alitupatia kwa Kiswahili kisa cha Portia, mwanamke avaaye mavazi ya mwanasheria mwanamume akaokoa maisha ya mtu barazani. Katika Uingereza ya Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani. Kwa hiyo alikuwa mvulana aliyejifanya mwanamke aliyejifanya mwanamume. Mtazamaji mwenye akili hakuweza kuacha kujiuliza: ikiwa hekima ile ilikuwamo kichwani mwa Portia tangu nyumbani kwake, joho lile liliongeza nini? Hapo sura ya kuazima ilisema jambo ambalo sura halisi haikupewa nafasi ya kulisema.

Na wapo walioutumia mlango huo kuingia kuiba. Katika Marekani ya karne ya 19 Wazungu walijipaka masizi, wakapanda majukwaani kuigiza watu weusi kama wajinga na wavivu, na watu wakalipa kiingilio kuwacheka. Ni rahisi kuwalaumu watu wa mbali. Sisi tunayo yetu.

Mwaka 1986, tukiwa kidato cha pili katika shule ya wavulana watupu, tulipewa nafasi ya kikongwe mchawi katika mchezo wa siku ya wazazi. Tulijifunga kanga, tukapinda mgongo, tukajipaka udongo mwekundu kuzunguka macho. Watu walicheka hata wakatoa machozi. Bibi yetu mzaa mama alikuwapo. Jioni akatuuliza, "Macho yale, mjukuu wangu, uliyatoa wapi?" Tukajibu kwa majivuno kwamba ndivyo walivyo wachawi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi haya yangu niliyatoa jikoni."

Miti ni haba katika sehemu nyingi za Usukuma, na akina mama wengi wamepikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe, katika vibanda visivyo na dirisha, miaka arobaini, hamsini. Moshi huo huyafanya macho kuwa mekundu. Na tangu miaka ya 1970 na katika miongo iliyofuata vikongwe wengi wa nchi hii waliuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho ukahesabiwa kuwa ushahidi. Hatukumwua mtu. Lakini siku ile tuliwafundisha watazamaji mia kadhaa kulicheka jicho lililotulisha, na baadhi yao walikuwa watoto.

Ndiyo maana swali la mzee wa Mwandoya, kwa maoni yetu, liliulizwa mahali pasipo pake. Si neno kijana kuwa mwanamke kwa nusu saa. La kumwuliza ni kama huyo mwanamke amepata kumwambia chochote, au amemtumia kama mtu atumiavyo rungu.

Tangu zamani tumetaka kutunga shairi katika sauti ya bibi yule, naye ametangulia mbele ya haki. Tumelichana mara tatu, maana kila mara ilikuwa sauti ya karani aliyejifunga kanga. Msimu huu wa pamba, tulipokuwa likizoni, tulimwomba shangazi aturuhusu kuketi jikoni mwake tangu alfajiri hadi ugali wa mchana uive. Alituona wa ajabu, lakini akatupa kigoda. Tulitoka nje mara mbili kufuta macho. Ubeti wa kwanza tumeuandika. Vina vyake bado havijakaa sawa.