Hamu Ikiisha, Ni Nini Kinabaki?



Msimu wa mitihani ukikaribia, makanisa yetu hujaa watahiniwa. Wanakuja na kalamu, rula na seti zao za jometri, tunaziwekea mikono na kuomba. Nimesimama na vijana katika maombi hayo kwa miaka mingi, na sina ubishi nayo. Ni vizuri mtoto aende mtihani akijua kanisa lake liko nyuma yake. Lakini maombi yakiisha, kuna swali vijana huniuliza: "Mwalimu, naomba Mungu anipe hamu ya kusoma, mbona haiji?" Na nyuma yake kuna lingine ambalo wengi hawalisemi kwa sauti: je, ni haki kumwomba Mungu alama ambazo sikuzisomea?

Nianze na hilo la pili. Kuna mtu atasema, Mungu wetu ni wa neema, na neema hailipiwi. Amina. Wokovu hatuulipii hata senti. Lakini cheti cha shule ni kitu kingine. Cheti ni ahadi ambayo mwanafunzi anampa mtu ambaye bado hajakutana naye. Fikiria mama aliyelazwa wodini usiku. Nesi anampimia dawa. Yule mama hana njia ya kumpa nesi mtihani. Anaamini tu kwamba aliielewa hesabu ya desimali. Nukta ikikaa mahali si pake, dawa inakuwa mara kumi. Fikiria pia familia inayohamia nyumba mpya, ikiamini fundi wa stima alijua anachofanya.

Sasa, kama Mungu angenipa alama bila maarifa, gharama yake ingelipwa na nani? Na yule mama wodini. Ndiyo maana siamini kwamba Mungu wa haki anajibu ombi la namna hiyo. Na ndiyo maana kununua karatasi ya mtihani ni wizi, hata kama hakuna mwanafunzi mwenzako aliyepungukiwa. Unamwibia mtu wa kesho.

Someni Danieli sura ya kwanza. Tunapenda kuhubiri kwamba Mungu aliwapa Danieli na wenzake watatu maarifa, na ni kweli. Lakini sura hiyo hiyo inatuambia waliwekwa miaka mitatu kufundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo. Lugha ya wageni, ya watu waliowateka! Sidhani kila asubuhi waliamka na hamu. Mungu aliwapa, na wao walikaa darasani akiwapa.

Hapo ndipo nalijibu lile swali la hamu. Hamu ni kama mvua. Ikinyesha tunashukuru, lakini mkulima hangoji mawingu ndipo atafute jembe. Akingoja, mvua itamkuta shamba likiwa pori. Kijana anayesubiri ajisikie kusoma atafika Novemba akisubiri. Ukiona hamu haiji, usidhani Mungu amekuacha. Fungua kitabu, fanya swali moja. Mara nyingi hamu hukukuta ukiwa kazini. Na isipokuja, lile swali moja bado umelifanya.

Lakini bidii nayo inahitaji sababu, na sababu ikiwa ni gredi pekee, siku ukipata D ya katikati ya muhula kila kitu kinaanguka. Kumbukeni mzee wetu Kimani Maruge. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, yeye alikuwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Januari 2004 akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, amevaa kaptura kama watoto wengine. Hakuwa akitafuta kazi ya ofisini. Alitaka, pamoja na mambo mengine, kuisoma Biblia mwenyewe. Baada ya vurugu za uchaguzi wa mwaka 2007, akiishi kambini kama mkimbizi wa ndani, aliendelea kutembea kwenda shuleni. Alifariki mwaka 2009 kabla ya kumaliza darasa la nane. Hakupata cheti. Je, alipoteza wakati? Mimi nasema hapana, kwa sababu kile alichokitafuta hakikuwa kwenye cheti.

Kwa hivyo kijana, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako usiandike gredi unayotaka. Andika ni nani atakayefaidika ukielewa somo hili. Kisha chagua saa moja kila jioni, simu uiache kwa mama, na uitunze hiyo saa kama unavyotunza fungu la kumi. Bwana Yesu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika kidogo ataaminiwa kwa kikubwa. Saa moja ni kidogo. Anzia hapo.

Nanyi wazazi, tusiwarushie watoto mzigo wote. Kuna mtoto anayerudi kutoka shule, achote maji, apike, kisha asome kwenye chumba kimoja na televisheni ikiwaka na wageni wakiongea. Kumwambia huyo "jitahidi" na kumalizia hapo si haki. Zima televisheni ile saa moja. Mpunguzie kazi. Na sisi kama kanisa tunalipia stima na viti vyetu hukaa vitupu jioni nyingi za wiki. Kuwafungulia wanafunzi mlango ni huduma pia, na nadhani ina uzito sawa na kuombea kalamu.

Tuombe. Baba, wape watoto wetu uaminifu wa leo, hata siku ambayo hamu imekauka. Waonyeshe watu utakaowatumia kuwahudumia. Watakapoketi kwenye mtihani, wakumbushe waliyosoma. Na sisi wazazi utupe moyo wa kuwatengenezea nafasi. Katika jina la Yesu, amina.