Je, Yatosha Kujua Kwamba Mama Yu Mzima?

Mwezi Machi mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ya nchi ya Japani ilianza kuuza birika la umeme la namna ya pekee. Kwa sura lilikuwa birika kama mabirika mengine ya nchi ile, ambayo huchemsha maji na kuyaweka moto mchana kutwa. Lakini ndani yake palitiwa kidude cha kupeleka habari. Kila mara mwenye nyumba alipobonyeza birika ili apate maji ya chai, jambo hilo liliandikwa pamoja na saa yake. Na mara mbili kwa siku habari hizo zilipelekwa kwa mtoto wake, hata akiwa anakaa mji wa mbali. Mzee aliyezoea kunywa chai yake saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne hajagusa birika, mtoto wake hupata kujua kwamba huenda kuna jambo. Huduma hiyo ililipiwa kila mwezi, kama watu wanavyolipia maji au umeme.

Tusicheke. Wajapani walikuwa na sababu yao. Katika nchi ile karibu watu watatu katika kila kumi wana umri wa miaka 65 au zaidi, na wengi wao waishi peke yao. Polisi wa Japani walihesabu kwamba katika mwaka 2024 watu zaidi ya 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao walikutwa wamekufa nyumbani mwao, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa wazee. Baadhi yao walilala pale zaidi ya mwezi mzima kabla hajatokea mtu wa kugonga mlango. Wajapani wana neno moja la kutaja kifo cha namna hiyo, nalo ni kodokushi. Kiswahili hakina neno lake. Twamshukuru Mungu kwamba hatujalihitaji. Lakini lugha hukua pamoja na mambo ya watu, na sisi hatujui tutakuwa na maneno gani baada ya miaka thelathini.

Tangu birika lile biashara hii imekua sana. Leo katika nchi za Ulaya, Marekani na Asia nyumba nyingi mpya, na majengo ya ofisi na hoteli zaidi, hutiwa vidude vidogo viitwavyo vihisi, maana kazi yao ni kuhisi. Kinachotumika mno kina ndani yake kijiwe ambacho hutoa umeme hafifu sana joto la mwili wa mtu linapopita mbele yake. Hivyo taa hujiwasha mtu aingiapo na kujizima atokapo. Kingine ni sumaku iliyofungwa mlangoni, ambayo hutambua mlango ukifunguliwa. Kingine hupima hewa nzito itokayo katika pumzi, hata mashine ya kuleta hewa safi ikajua kama ukumbi umejaa watu au ni mtupu. Viko vya moshi, vya maji yanayovuja, vya mtu kuanguka sakafuni. Kwa kuwa vitu hivi vyatengenezwa kwa wingi sana, bei imeshuka. Kile cha kuhisi joto la mwili, kikiwa peke yake, mtu aweza kukinunua Dar es Salaam kwa fedha isiyofikia bei ya kuku.

Hapana budi tuseme wazi kwamba mambo hayo ni mema kwa sehemu kubwa. Kihisi cha moshi kimeokoa familia zilizolala. Jengo linalozima taa zake lenyewe halipotezi umeme, na umeme ni mali. Mwenye kulaumu kila kitu kipya kwa kuwa ni kipya hatusaidii kitu. Sisi twataka kuuliza jambo moja tu, nalo lahusu vile vihisi ambavyo kazi yao ni kumwangalia binadamu: mtu akipata habari za mwenziwe pasipo kumwuliza, je, amepata habari zile zile ambazo angepata kwa kuuliza?

Kwanza tutazame jinsi habari ndogo inavyosema mengi. Katika miaka ya themanini ya karne iliyopita, mtaalamu mmoja wa Chuo cha MIT huko Marekani, George Hart, alikuwa akichunguza jinsi umeme unavyotumika majumbani. Alipima waya mmoja tu, ule unaoingiza umeme ndani ya nyumba. Akatambua kwamba kwa kutazama kupanda na kushuka kwa umeme ule aliweza kujua jokofu limewaka saa ngapi, jiko saa ngapi, pampu saa ngapi. Na kwa hayo alijua watu wameamka lini, wametoka lini, na lini wamerudi usiku wa manane. Hakuingia mlangoni. Mwaka 1989 aliandika makala ya kuonya watu juu ya jambo hilo, wakati ambapo wachache sana walikuwa wakilifikiria.

Mwaka ule ule wa birika, 2001, mahakama kuu kabisa ya Marekani ilikata shauri lililofanana na hili. Mwaka 1992, katika mji mdogo wa jimbo la Oregon, askari walikaa ndani ya motokaa usiku na kuielekezea nyumba ya mtu chombo kinachoona joto. Walishuku kwamba ndani analima bangi chini ya taa kali. Walishuku kweli, maana bangi ilikutwa. Hata hivyo majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kuitazama nyumba kwa chombo cha namna ile ni sawa na kuipekua, na kwa hiyo yahitaji kibali cha hakimu. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alitoa mfano ambao bibi yeyote wa Tanga au wa Bukoba angeuelewa mara moja: chombo hicho chaweza kufichua saa ambayo mama mwenye nyumba huoga kila usiku.

Wazee wetu hawakuwa na mahakama ile, lakini walikuwa na hodi. Mgeni husimama nje, huita, hungoja. Hata mlango ukiwa wazi, hata akiwa aona moshi wa jikoni na kusikia watoto wakicheza, hungoja mpaka asikie karibu. Kati ya hodi na karibu mwenye nyumba hupata nafasi ya kujifunga kanga vizuri, kufuta machozi, kunyamazisha ugomvi, kuficha kwamba leo hakuna kitoweo. Nafasi ile ni fupi sana, lakini ni mali yake. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, yailinda kwa maneno yake, inaposema juu ya kuheshimiwa kwa mtu, familia yake na maskani yake. Na mwaka 2022 Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kihisi hakipigi hodi. Kimekwisha kuwamo.

Na hapa twapenda kutaja jambo lililo karibu na wasomaji wetu wa mijini kuliko birika la Wajapani. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza sasa mna kamera ndogo sebuleni, na pengine jikoni, ili mama aliye kazini amwone mtoto wake na msichana anayemlea. Hatuwezi kumlaumu mama huyo. Amesikia habari za watoto waliopigwa. Lakini msichana yule pia ni mtoto wa watu. Ametoka kwao Iringa au Singida, na nyumba anayofanyia kazi ndiyo hiyo hiyo anayolala. Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, wataka mfanyakazi akaaye nyumbani kwa mwajiri apewe makao yenye staha na faragha. Tuwaulize akina baba na akina mama wanaosoma gazeti hili baada ya Misa: je, mmemwambia kamera iko wapi? Maana wako waliomweleza, na wako walioificha ndani ya saa ya ukutani.

Turudi kwa mama mzazi.

Mwenzetu mmoja ana mama mjane anayeishi Moshi, katika nyumba aliyojengewa na watoto. Yeye yuko Dar es Salaam, ndugu yake yuko Ujerumani. Yule wa Ujerumani alituma vihisi vitatu: cha mlango mkuu, cha ukumbini na cha chumbani. Fundi akaja, akavifunga, akaondoka. Kila asubuhi simu ya mwenzetu ilimwonyesha kwamba mlango umefunguliwa saa fulani na kwamba kuna mtu anatembea ukumbini. Alifurahi sana. Alituonyesha ofisini, na sisi tukafurahi pamoja naye.

Baada ya miezi michache aligundua jambo ambalo alitueleza kwa haya. Zamani alikuwa akimpigia mama yake simu kila asubuhi kabla ya kuondoka nyumbani. Sasa alikuwa akitazama kioo cha simu, akaona mlango umefunguliwa, akasema moyoni, mama yu mzima, akaenda kazini. Wiki ikapita hivyo, kisha wiki ya pili. Hakuna siku aliyoamua kuacha kupiga. Alikuwa ameondolewa wasiwasi, na kumbe wasiwasi ndio uliokuwa ukimpigisha simu.

Wasomaji wafikiri simu yenyewe ilikuwaje. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo mama, umeamkaje? Nimeamka salama, ila... Katika nchi yetu yote, toka pwani hata maziwa, watu husema kwanza ni salama, ndipo huja hiyo ila. Ila mguu umenisumbua usiku. Ila yule ndama hajapona. Ila nimemwota baba yenu. Mgeni asiyejua desturi atasema kwamba tunadanganya, maana twasema salama na huku tu wagonjwa. Sivyo hata kidogo. Kwa neno salama mama humpokea mwanawe bila kumtisha, na kwa neno ila humwambia kadiri apendavyo yeye, kwa wakati aupendao, au hunyamaza. Habari ni yake. Yeye ndiye anayeitoa. Kihisi chajua kwamba aliamka saa nane ya usiku na kwenda msalani mara tatu, jambo ambalo pengine asingependa kumwambia mtoto wake wa kiume, nacho humwambia. Juu ya ndoto ya baba hakijui neno.

Twasema basi kwamba habari mbili hizi hazilingani hata zikiwa zote ni za kweli. Moja imechukuliwa, nyingine imetolewa. Amri ya nne yatutaka tuwaheshimu baba na mama. Kumlinda mzazi ni sehemu ya heshima hiyo, wala hatuipunguzi. Lakini mtu aweza kulindwa vema sana kama mzigo ghalani, asiheshimiwe.

Tunajua tutakalojibiwa. Wako wazazi ambao akili zao zimechoka kwa uzee, ambao hutoka usiku wasijue wanakokwenda, na mto hauko mbali. Mzazi wa namna hiyo hawezi kusema salama wala ila. Kwake kihisi cha mlango ni fadhila kubwa, na mtoto anayekiweka apate kulala saa chache amefanya vema; hatutamwongezea mzigo. Hata hivyo twaona kwamba wengi wananunua vitu hivi kwa ajili ya wazazi ambao bado wana akili timamu, na hawawaulizi kwa sababu wanajua mzee atakataa.

Jioni moja simu ya mwenzetu ilimletea tahadhari: tangu mchana hapakuonekana mtu nyumbani kwa mama. Alipiga, simu ya mama ikaita bila kupokewa. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Ndugu yake wa Ujerumani aliona tahadhari ile ile kwa wakati ule ule, naye hakuweza lolote zaidi yake. Ikabidi mwenzetu atafute namba ya mama mmoja jirani, ambaye alikuwa hajazungumza naye tangu mazishi ya baba. Jirani akatoka na tochi, akapiga hodi, akakaribishwa. Mama alikuwa ameketi jikoni akichambua maharage. Kihisi cha ukumbini alikifunika kwa kanga tangu adhuhuri, na cha chumbani pia, kwa sababu vijitaa vyake vyekundu vilimsumbua kila aliposali rozari. Naye mchana ule hakutoka kwa mlango mkuu bali kwa ule wa jikoni, ambao fundi hakuujali. Simu aliiacha chumbani.

Mwenzetu alikwenda Moshi Jumamosi iliyofuata. Alitueleza kwamba walikaa na mama mpaka usiku, na mama akasema yake. Cha mlango kibaki, maana wezi wapo. Cha ukumbini kibaki, lakini kile kijitaa kizibwe. Cha chumbani kikaondolewa, na mama mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi wakati mwanawe akikifungua. Na namba ya jirani iandikwe katika simu za watoto wote, wa hapa na wa Ulaya. Juu ya simu ya asubuhi mama hakusema kitu. Tulipomwuliza mwenzetu kama ameirudia, alitujibu kwamba sasa hupiga kabla ya kutazama kioo, na kwamba asubuhi nyingine mama hukata mapema, kwa kuwa ana kazi shambani.